Kiti cha Jumber

Murman alikuwa bado anamsifu marehemu Otari, glasi ya mvinyo imeinuliwa juu, sauti ameishusha kifuani kama inavyompasa msimamizi wa meza, pale kisigino cha Jumber kilipoanza kugonga sakafu. Mkewe, Mzevinari, akamkanyaga mguu chini ya meza. Kisigino kikatulia kwa muda wa kumeza mate, halafu kikaanza tena, na vijiko vikawa vinacheza kwenye sahani za kuku wa mchuzi wa jozi.

"Ndugu yangu alifia mezani," Murman alikuwa akisema. "Mezani, kama mwanamume! Kifua kinambana, jasho linamtoka, wala hakumwambia mtu, wala hakuinuka kuivuruga karamu ya watu. Aliketi mpaka neno la mwisho. Niambieni, nani siku hizi anajua kukaa mezani namna hiyo?"

Hapo ndipo Jumber alipoinuka. Alisukuma kiti, kiti kikalia kwenye mbao za sakafu, naye akatoka moja kwa moja mpaka roshani. Kupitia kioo wote walimwona akienda na kurudi kati ya nguo zilizoanikwa na mitungi ya kachumbari, akijipiga mapaja kwa ngumi.

Huku kwetu mjini Kutaisi mtu anaweza kulewa mezani, akalia, akavunja glasi, na kesho yake watu wakacheka naye. Lakini marehemu akitajwa huinuki. Unasubiri msimamizi amalize, hata akichukua nusu ya jioni, ndipo wanaume mnasimama pamoja na kunywa. Na marehemu huyu hakuwa mtu wa kando. Alikuwa mume wa Tsiuri, mama aliyekuja siku hiyo na mwanawe Bacho kumposa Lika, binti pekee wa nyumba ile. Pete ilikuwa ndani ya mkoba wa Tsiuri. Ilitakiwa itoke wakati wa keki.

Tsiuri alikunja kitambaa chake cha kujifutia mikono, akakikunja tena.

"Mwenzetu vipi?" aliuliza.

Mzevinari tayari alishaitumia akiba yake ya uongo mchana, wageni walipouliza bi harusi mtarajiwa yuko wapi. Amepata mafua, aliwaambia, kumbe Lika alikuwa chumbani, mapazia yamefungwa, taulo lenye maji usoni, ndoo kando ya kitanda. Kipandauso kilimshika wakati anapanga sahani. Sasa baba naye yuko roshani anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Msameheni," Mzevinari alisema. "Ana... ana bawasiri."

Bacho akaanza kuiangalia taa ya darini. Murman akaiweka glasi mezani bila kuinywa, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi lolote ambalo angelitoa.

Keki haikuliwa. Jumber alirudi ndani kwa furaha ya mtu aliyepata kazi ya kufanya, mkono umejaa sarafu, maana lifti ya jengo letu haiendi mpaka uilishe, na kuwashusha wageni ni kazi aliyojitwika yeye tangu zamani. Kwenye kila karamu ya mtaa, mkate ukiisha ni Jumber aliyefuata mkate, mgeni akiaga ni Jumber aliyemsindikiza. Watu walimwita mtu wa huduma.

"Karibuni, niwashushe," alisema.

"Tutashuka kwa ngazi," Tsiuri alijibu.

Wakashuka kwa ngazi, ghorofa zote tano. Mzevinari alisimama mlangoni akisikiliza viatu vya yule mjane mpaka chini kabisa.

*

"Nimeolewa na nani mimi? Na tiara?" Mzevinari alikuwa akikusanya sahani kwa kishindo. "Ungejikaza kidogo tu! Marehemu wa watu!"

"Nilijikaza."

"Ulijikaza wapi? Umesubiri mtu anasema nani anajua kukaa, wewe ndiyo ukainuka! Hata mtoto angekupa makofi."

"Mzeviko, mpenzi, miguu hii haisikii maneno." Jumber alikuwa amesimama mlangoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Alikuwa fundi wa vioo, mtu mpole, mchana kutwa yuko juu ya ngazi na hana shida na mtu. "Kila jioni nikikaa kuna kitu kinatembea humo ndani. Nimeshakuambia."

"Umeniambia umechoka! Kila mtu amechoka!"

"Mama," sauti ya Lika ilitoka chumbani, nyembamba, "tafadhali, sahani..."

"Na wewe!" Mzevinari akageukia mlango wa chumba, lakini sauti akaishusha, maana hasira ni hasira na mtoto ni mtoto. "Siku ya posa yako, mwanangu. Siku moja. Nyumba nzima hii ninao wawili, mmoja hawezi kukaa na mwingine hawezi kuinuka, katikati nimewekwa mimi kama punda. Sasa yule mama amekwenda na pete yake."

Siku ya pili Bacho alimpigia Lika simu. Kijana huyu ni fundi umeme, anampenda Lika kweli, na hajui kuzungusha maneno. Alisema mama yake hajakataa, ila anauliza. Anauliza kwa nini baba mkwe alimkimbia marehemu. Anauliza kwa nini Lika, kila anapokutana naye, ama amefunga macho ama anataka taa izimwe. Jirani mmoja amesema huenda msichana ana mimba. Murman amesema huenda familia nzima ina kasoro. Watakuja tena Jumapili ijayo, na mama ataamua hapohapo mezani.

"Umemwambia nini?" Mzevinari aliuliza.

"Nimemwambia naumwa kichwa," Lika alisema.

"Kichwa! Nani anaacha posa kwa kichwa? Kila mtu ana kichwa."

*

Akawapeleka wote wawili kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hakuwapeleka kutibiwa. Aliwapeleka ili mtu mwenye koti jeupe atamke kwamba hawa ni wazima, naye aweze kuapa mbele ya Tsiuri bila kuogopa moto wa milele. Daktari Nanuli alikuwa mama mfupi mwenye kikohozi na subira, na aliuliza maswali kama mtu anayechambua mchele.

"Inaanza saa ngapi hiyo ya miguu?"

"Jua likishuka," Jumber alisema.

"Inauma?"

"Haiumi. Ni kama mtu amenitia maji ya gesi ndani ya mifupa. Nikitembea inakwisha. Nikikaa inarudi."

"Nani mwingine kwenu yuko hivyo?"

Jumber alifikiri. "Labda marehemu mama. Jioni alikuwa hakai kabisa. Anakanda unga amesimama, anakula amesimama, anafagia ua ambao ameshaufagia. Watu walimsifu sana kwa bidii."

Mzevinari akaruka kwenye kiti. "Ala! Tangu nimeolewa nasimangwa na bidii ya mama yako! 'Mama hakukaa, mama hakupumzika!' Kumbe alikuwa mgonjwa? Jumber, nirudishie ujana wangu!"

"Tulia, mama," daktari alisema, lakini alikuwa anacheka. "Na vichwa? Upande wako, bwana?"

"Dada yangu mkubwa. Anajifungia chumbani, madirisha yote kayafunga, hutaki kumsogelea."

"Unaona?" Mzevinari alimgeukia daktari kama shahidi aliyeshinda kesi. "Damu yao! Miguu yao, vichwa vyao. Kwetu hakuna kitu."

Daktari Nanuli akawaeleza taratibu. Kipandauso na miguu isiyotulia ni maradhi mawili, alisema, lakini mara nyingi hukutana katika ukoo mmoja, hata ndani ya mtu mmoja, kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu. Watafiti wanachunguza vinasaba. Wapo wanaoona kuna sehemu zinazogusa yote mawili, wapo wanaosema bado haijathibitika, na yeye hatajifanya anajua kuliko wao. "Ninachojua ni hiki," alisema. "Si tabia mbaya. Si uvivu na si dharau. Bwana apimwe madini ya chuma kwenye damu, wakati mwingine yakipungua miguu huzidi. Binti nitampa vidonge, avimeze mapema kabla kichwa hakijapamba moto. Na wewe mama, hicho kitambaa kichwani ni cha nini?"

Mzevinari alishika kichwa. Alikuwa amejifunga kitambaa cha sufu, kimekazwa juu ya nyusi mpaka ngozi imejikunja.

"Hiki? Presha tu. Hali ya hewa ikibadilika."

Daktari akampima. Presha ilikuwa nzuri, ya msichana.

"Kwa hiyo ni upepo," Mzevinari alisema. "Niliacha dirisha wazi."

"Unasikia kichefuchefu?"

"Kidogo. Nani hasikii?"

"Mwanga unakuudhi?"

"Nani anapenda mwanga?"

Lika alikuwa amegeuka, anamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Alimkumbuka jikoni, kitambaa hicho hicho kichwani, anakoroga sufuria amefumba macho, na wao wote wakidhani anasali.

"Basi binti huenda amechukua kwenu nyote wawili," daktari alisema.

"Mimi sijampa mtu kitu," Mzevinari akasema, akachukua mkoba. "Mimi sina ugonjwa. Nina kazi."

Njiani kurudi wakafika kituo cha basi. Hapo akawakusanya kama watoto wa shule. "Nisikilizeni. Neno la vinasaba lisitoke midomoni mwenu. Mwambie mama mkwe kinasaba, atasikia kaburi. Bawasiri inapona, na mafua yanapona. Jumapili baba amepona na wewe umepona, tumemaliza."

"Mama, nataka kumwambia Bacho ukweli."

"Utamwambia ukishavaa pete."

"Nimdanganye mpaka hapo?"

"Nani kasema udanganye? Unyamaze."

*

Jumapili Tsiuri alikuja na mfuko wa karatasi, akaukabidhi kwa Jumber mbele ya watu wote. Ndani yake mlikuwa na mto wa mpira wa duara, wenye tundu katikati, na kichupa cha mafuta.

"Marehemu baba yangu aliteseka na kitu hicho hicho," alisema kwa huruma ya kweli. "Ukalie. Usione aibu, shemeji, sisi tutakuwa ndugu."

Jumber akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dirisha. Basi akakalia mto, mtu mzima mwenye mvi, huku Murman akiangalia shughuli hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho kwa uso usiosogea.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Hachapuri, mikate yetu ya jibini, ilitoka tanurini ikiwa bado inatoa mvuke, jibini inavutika. Lika alikuwepo, amevaa gauni la buluu, anamimina, anacheka. Bacho hakuwa anakula, alikuwa anamtazama tu. Murman aliitakia heri amani, akaitakia heri nchi, akawatakia heri wazazi, na kila mara Jumber alishika kitako cha kiti kwa mikono miwili na kubaki.

Kisha mvua ikajikusanya juu ya mji, jua likashuka nyuma ya mawingu, na Murman akawasha sigara. Lika aliweka jagi mezani kwa uangalifu mkubwa sana. Pembeni mwa jicho lake nuru ilikuwa imeanza kumetameta, dalili kwamba kichwa kinakuja. Akameza kidonge bila kujificha, akasema, "Samahanini, nahitaji kulala kwenye giza," akaondoka.

"Mafua tena?" Tsiuri aliuliza.

Mzevinari naye alikuwa haoni vizuri. Kichwa kilimshika tangu asubuhi, upande wa kushoto, msumari unaopigwa polepole, naye alikuwa amekanda, amekaanga, amepanga meza, na kitambaa hakukifunga kwa sababu kingemharibia nywele.

Murman aliinua glasi. "Sasa," alisema, akimtazama Jumber moja kwa moja, "tuna neno ambalo wiki iliyopita halikumalizika. Ndugu yangu Otari."

Lilikuwa ni lile lile, tena refu zaidi. Otari kijana. Otari jeshini. Jumber alianza kutoka jasho. Mapaja yalimtetemeka, meza ikaanza kutetemeka pamoja naye, mvinyo ukawa unafanya viduara ndani ya glasi. Alijiuma mdomo. Mto ule wa mpira ulikuwa unatoa sauti, mlio mwembamba wa aibu, kila alipojibana. Murman akaongeza sauti. Otari mezani. Kifua kinambana, wala hainuki. Glasi ya Tsiuri ikaanguka, wekundu ukatapakaa kwenye kitambaa cheupe mpaka kwenye magoti yake.

"Kama hutaki ukoo wetu, sema!" Murman alifoka. "Huu ni mchezo gani?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Jumber na bado amekaa.

Hapo subira ya Mzevinari ikakatika. Subira yenyewe haikuwa nyingi, na yote ilishatumika. Wiki iliyopita alimkanyaga mumewe mguu ili abaki. Sasa alipiga meza kwa kiganja.

"Inuka! Jumber, inuka, Mungu wangu, inuka utembee! Unataka kufa hapo?" Akawageukia wageni. "Hana bawasiri! Hajawahi kuwa na bawasiri maishani mwake. Nilidanganya. Ana ugonjwa wa miguu, jioni haitulii, na mama yake alikuwa nao, tukauita bidii. Binti yangu hana mafua wala mimba. Ana kipandauso. Daktari anasema haya mambo mawili yanatembea pamoja kwenye damu, na hakuna anayejua vizuri yanavyotembea. Na mimi ninacho, kichwa hicho hicho, ninacho sasa hivi, siwaoni nyuso, wewe Murman nakuona una pua mbili. Haya. Nimesema. Mchukueni kijana wenu."

Jumber alishainuka. Alikuwa anazunguka meza, mkono ukutani, akihema kama aliyetolewa majini.

"Iko kwenye damu," Tsiuri alisema polepole. Alikuwa hajaufuta mvinyo kwenye gauni. "Na watoto wao?"

Mzevinari alitamani kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, mtamu, mdomoni. "Huenda wakapata," alisema. "Huenda wasipate. Wakipata, watatembea jioni na watalala gizani, na mimi nitakuwa naeleza kila karamu, kama leo. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Bacho alifungua mdomo. Mama yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Ondoeni hicho kiti," Tsiuri alisema, akionyesha kiti cha Jumber.

Kumwondolea mtu kiti mezani ni kumwambia hatujuani tena. Hata Murman alishtuka. Hakuna aliyesogea, kwa hiyo Tsiuri akasimama, akakinyanyua mwenyewe pamoja na ule mto, akakipeleka korido.

Aliporudi alikuwa analia. "Mume wangu alikaa," alisema. "Sikuwepo. Waliniambia kesho yake, kwa fahari, kwamba hakuinuka. Jasho linamtoka, watu wanamwona jasho linamtoka, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia Otari, inuka! Nimesikiliza sifa hiyo kila karamu, Murman. Kila karamu. Wewe ulikuwa umeketi kando yake."

Murman alitazama ndani ya glasi yake.

"Kiti kinamsumbua," Tsiuri aliendelea, akijifuta pua. "Asiwe nacho. Shemeji, chukua glasi. Mtakie mume wangu heri huku unatembea. Zunguka unavyotaka."

Na Jumber akamtakia Otari heri akitembea, kutoka dirishani mpaka kabatini na kurudi, akimwaga mvinyo kwenye zulia. Hakuwa msemaji. Alisema tu kwamba hakumjua marehemu na kwamba anasikitika hakuna aliyemwinua. Murman alikuwa wa kwanza kusimama na kunywa.

Ikabaki pete. Tsiuri aliitoa kwenye mkoba, akaenda chumbani kwa Lika, Bacho akimfuata, na mkono wa Tsiuri ukatafuta swichi. Mzevinari akaudaka mkono huo.

"Usiwashe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Basi Bacho akamvisha Lika pete gizani, kwa kupapasa, akikosea kidole kwanza, na kilichosikika ni kicheko kidogo cha msichana, halafu "Polepole."

Tsiuri aliwatoa watu chumbani. Jumber alishakwenda kuwatafutia sarafu za lifti, na safari hii hakuna aliyetaja ngazi. Mzevinari akaelekea kwenye sahani, kitambaa cha sufu mkononi, anakitafutia ncha aanze kukifunga.

"Unakwenda wapi wewe?" Tsiuri alimuuliza. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, sahani chafu zimejaa mikononi.

"Vyombo."

"Mimi nina macho mawili mazima. Wewe unamwona Murman na pua mbili."

"Wewe ni mgeni, haiwezekani..."

"Mzevinari," Tsiuri alisema, "inuka kwenye meza, ukalale."

Mzevinari alisimama pale koridoni, amekasirika, hajui amkasirikie nani. Alikasirikia mvua, na mama mkwe aliyekufa na sifa zake zote. Aliukasirikia pia ule mto wa mpira uliokuwa umekaa juu ya kiti ukimwangalia kwa tundu lake. Jikoni maji yalianza kumwagika na mtu mwingine akaanza kuosha sahani zake vibaya.

Akafungua mlango wa chumba, akaufunga nyuma yake, akavua viatu.

"Mama?" Lika alinong'ona. "Nani anaosha vyombo?"

"Sogea," Mzevinari alisema.